Joho la Babu na Mnara wa Azimio

Ukifika Arusha mjini, Mnara wa Azimio huwezi kuukosa. Hatua chache kutoka kwenye kiplefti kuna makumbusho, pale Kaloleni walipokutana viongozi wa TANU Januari 1967. Nimepita hapo tangu niko mdogo, sina habari. Siku moja nilikuwa nampeleka babu hospitali, tukanasa kwenye foleni. Akautazama mnara, akasema, "Mwalimu alikuja hapa bado ana hasira na sisi."

"Na nyinyi nani, Babu?"

Kimya. Jibu nililipata kwa Bibi, nyumbani Meru, tukichambua maharage.

Kumbe tarehe 22 Oktoba 1966 babu alikuwemo! Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu na majoho yao, wakipinga JKT ya lazima iliyowataka watumikie miaka miwili, muda mwingi kwa mshahara uliokatwa. Bango moja likadai enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawaka. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa, wakarudishwa makwao. Februari iliyofuata Azimio likatangazwa.

"Nilichumbiwa na msomi," Bibi alisema akicheka, "nikaletewa kijana wa kupalilia migomba." Ndugu zake walitaka mahari irudishwe. Yeye akakataa. Mwaka 1967 wengi walikubaliwa kurudi chuoni, babu naye akiwemo, baada ya kuandika barua ya kuomba radhi. Hiyo barua ndiyo iliyomfunga mdomo, si kule kufukuzwa. Bibi anasema aliiandika usiku kucha, akaichana mara tatu.

Basi nikaanza kutafuta, wengine wanakumbukaje? Azimio lilipata wasanii wake. Mwaka 1968 Mwalimu aliwaita washairi, akawaomba waieneze siasa mpya. Ngonjera za Mathias Mnyampala zikaingia madarasani, na mimi nilizikariri kama wenzangu. Wale wa majoho sikukaririshwa hata ubeti mmoja juu yao.

Wanaokumbukwa zaidi ni wadogo zao, vijana wa mrengo wa kushoto walioandika gazeti la Cheche, lililopigwa marufuku mwaka 1970. Karim Hirji, mmoja wao, alikusanya kumbukumbu zao katika kitabu mwaka 2010. Wa 1966 niliwakuta kwa Andrew Ivaska, Cultured States, cha 2011, kitabu kimoja na vita vya minisketi na mawigi vya Operesheni Vijana. (Mashoga, bibi zetu nao walikuwa na mambo yao!) Lakini vyote viwili ni vya Kiingereza. Bibi, aliyekataa mahari isirudishwe, hawezi kuvisoma.

Kwa maoni yangu vijana wale walikosea bango, hawakukosea kuuliza. Nilimwambia babu hivyo jioni moja. Akanywa chai yake taratibu, akaniuliza kitabu kinasemaje kuhusu majoho.

Nikamwambia yametajwa.

"Langu lilikuwa refu mno," akasema. "Nililishika mkononi njia nzima nisijikwae."

Bibi akaweka ungo chini. Miaka yote ya ndoa, hilo hakuwa amelisikia.