Madoa ya Ngozi na Maumivu ya Tumbo

Kijana akilalamika tumbo mara kwa mara, wengi wetu humpa dawa ya minyoo na kungoja. Lakini je, ana madoa bapa ya rangi ya chai ya maziwa, sita au zaidi? Ikiwa ndivyo, usingoje.

Madoa hayo huweza kuwa dalili ya nyurofibromatosi ya aina ya kwanza, inayompata mtoto mmoja hivi kati ya 3,000. Ugonjwa huu huotesha vinundu kwenye mishipa ya fahamu. Daktari Mjerumani, Friedrich von Recklinghausen, aliueleza mwaka 1882. Si laana, wala hauambukizi. Karibu nusu ya wagonjwa huurithi kwa mzazi. Wengine huzaliwa nao ingawa wazazi hawana.

Vinundu vya ngozi huonekana kwa macho, lakini vingine huota tumboni. Vikikua huweza kubana utumbo, kuuziba au kusababisha damu kuvuja ndani. Tena, watoto hawa hufunga choo mara nyingi kuliko wenzao.

Ukiona anatapika mfululizo na tumbo limevimba, anapata choo cheusi kama lami au chenye damu, ama viganja vimekuwa vyeupe na anachoka upesi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimpe haluli wala dawa nyingine ya kuendesha.

Ukifika, mweleze daktari habari ya madoa, kwani nguo huyaficha. Akijua, ataweza kuagiza picha za tumbo mapema. Vinundu vingine huondolewa kwa upasuaji.