Mzunguko wa vilima kwa baiskeli: Nani amepima njia kabla kijana hajaondoka?

Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, ni mji ambao baiskeli haihitaji kutambulishwa. Ndiyo inayobeba madumu ya maji, magunia ya mpunga, mkaa, na hata mgonjwa anayepelekwa zahanati. Kwa mazoea hayo, kijana anapowaambia wazazi wake kwamba yeye na wenzake wanataka kuzunguka vilima siku ya mapumziko kwa ajili ya mazoezi, wengi wetu huliona kuwa ni jambo jepesi. Hujibiwa "nenda salama", na mazungumzo huishia hapo.

Tunawaomba wazazi wasiyaishie hapo. Mazoezi ni mema, na Uislamu hauyakatazi; sote tunajua kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (R.A.). Lakini safari ya kutwa nzima juu ya miinuko, katika ukanda wa migodi ya dhahabu, inahitaji kupangwa na watu wazima wenye akili zilizotulia. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Allah (S.W.). Kupanga njia ndiko kumfunga ngamia kwa mpanda baiskeli.

Tuanze na sifa ya mzunguko wenyewe. Anayetoka nyumbani na kurejea nyumbani atateremka kila mita aliyoipanda. Vijana huogopa kupanda, kwa kuwa ndiko kunakoumiza miguu. Hatari iliyo kubwa zaidi iko katika kushuka. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika kusimamisha baiskeli kwa breki huongezeka takribani mara nne. Kwenye barabara ya changarawe, mahali ambapo kokoto hutembea chini ya tairi, umbali huo huwa mkubwa zaidi, na breki za vyuma za baiskeli kama Phoenix hulegea zaidi zikilowa.

Hata mabingwa hawajasalimika na jambo hili. Suleiman Kangangi, mpanda baiskeli mashuhuri wa Kenya aliyekuwa na umri wa miaka 33, alifariki dunia mwezi Agosti 2022 katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, baada ya kuanguka akiwa katika mwendo wa kasi. Huyo alikuwa na uzoefu wa miaka mingi na baiskeli nzuri. Kijana wa miaka 17 aliyeazima baiskeli ya mjomba wake ana sababu zaidi ya kushuka taratibu.

Swali la pili ni umbali. Wengi hudhani kuwa mzunguko mgumu lazima uwe mrefu, wa kwenda mbali na kurudi jioni. Majirani zetu wa Rwanda wametufundisha vingine. Mwezi Septemba 2025 jiji la Kigali lilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio kuu za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na sehemu kubwa ya umbali huo ilipatikana kwa kurudia mara nyingi mzunguko mmoja wa kilomita 15.1 ndani ya jiji, wenye vilima vyake. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Ugumu ulikuwepo wa kutosha, na aliyechoka hakuwa mbali na msaada.

Huo ndio mfano tunaoupendekeza kwa familia za Kharumwa, na kwa zile za mji wa Geita ambako milima ni mirefu zaidi. Chagueni mzunguko mfupi, tuseme wa kilomita 20, wenye kilima kimoja au viwili vya kweli, unaorudi kila mara mahali penye msikiti, maji na mtu mzima anayehesabu vijana wanaopita. Wenye nguvu wataurudia mara 3 na kutimiza kilomita 60. Mdogo wao atazunguka mara moja na kupumzika kivulini, wala hatakuwa amemwachisha mtu safari yake. Tumezoea msikitini kwamba imamu hutakiwa kuwafikiria wazee, wagonjwa na wenye haja anaporefusha kisomo. Anayeongoza msafara wa baiskeli naye awafikirie wanyonge wake.

Baada ya umbali, upimeni wakati. Ukanda huu uko magharibi mwa nchi, kwa hiyo jua la huku huchelewa kwa saa zetu. Katika mwezi wa Julai huchomoza saa 1 asubuhi kasoro dakika chache, na Adhuhuri huingia karibu na saa 7 mchana. Kati yake kuna saa 6 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, ambao ni wa haki kwa baiskeli isiyo na gia kwenye miinuko, kilomita 60 zitachukua saa 5. Ongezeni nusu saa ya kupumzika. Aliyeondoka saa 1 baada ya kuswali Alfajiri kwa jamaa atakuwa amefika saa 6 na nusu, ataoga, na kuwahi Adhuhuri msikitini. Mpango usioweza kutimia ndani ya saa hizo ni mrefu mno kwa wanaoanza.

Hapa vijana huuliza kuhusu kupunguza swala. Wanazuoni wengi wameukadiria umbali wa safari inayoruhusu kupunguza kuwa takribani kilomita 80, na katika madhehebu ya Shafi'i huhesabiwa umbali wa kwenda tu, bila kuunganishwa na wa kurudi. Anayezunguka karibu na mji wake, hata akijumlisha kilomita 90 kwa siku, asijihesabu kuwa ni msafiri kwa sababu ya jumla hiyo. Mwenye shaka amuulize sheikh wa msikiti wake kabla ya siku yenyewe.

Njia nayo itembelewe mapema. Ramani za simu huonesha miinuko, lakini mwalimu bora ni mbeba mkaa au muuza maziwa anayeipita kila siku. Anajua kilima kinachowalazimu watu kushuka na kusukuma, mahali pa mchanga, na daraja lililobomolewa na mvua. Panga vilima vikali viwe mwanzoni, wakati miguu ina nguvu na jua halijawa kali. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, hufaa zaidi, kwani masika hugeuza barabara za udongo kuwa utelezi.

Ukanda wa dhahabu una mambo yake mawili. La kwanza ni malori. Barabara zinazounganisha Kahama, Kakola penye mgodi wa Bulyanhulu, na Geita hupitisha magari mazito, na vumbi la lori moja latosha kumficha mpanda baiskeli asionwe na dereva wa gari linalofuata. Epukeni barabara hizo kila inapowezekana. Isipowezekana, pandeni mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kushoto, kwa mavazi ya rangi ing'aayo, na lori likipita simameni pembeni mpaka vumbi litulie. La pili ni wachimbaji wadogo. Njia za mkato karibu na machimbo huweza kupita kando ya maduara yaliyoachwa wazi, na maji ya vijito vilivyo jirani na mialo ya kuoshea dhahabu huweza kuwa na zebaki. Zebaki haionekani katika maji wala haiondoki kwa kuchemsha. Kila mtu abebe maji ya nyumbani, nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya jua, na michembe, ndizi au tende za kutafuna.

Baiskeli ikaguliwe jana yake: breki zote mbili, mnyororo, tairi na njugu za magurudumu. Msafara uwe na pampu, viraka na gundi. Kofia ngumu ivaliwe na kila anayeweza kuipata. Na kwa kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza watu watatu wanaosafiri wamteue mmoja wao kuwa kiongozi, vijana wamchague amiri wao mbele ya wazazi, naye apewe mamlaka ya kusema "tunarudi" bila kubishiwa.

Mabinti wasisahaulike. Mzunguko mfupi ulio karibu na nyumbani ndio unaowawezesha wao na mama zao kufanya mazoezi kwa sitara, kwa saa zao, pamoja na maharimu wao. Baiskeli zao ziwe na kinga ya mnyororo ili nguo ndefu isinaswe.

Tunapendekeza kila familia iandike karatasi moja kabla ya safari: njia, saa ya kuondoka na ya kurejea, majina, jina la amiri na namba ya simu yake, na mahali ambapo aliyechoka ataacha. Karatasi hiyo ibaki nyumbani. Ikiwa kijana hawezi kuijaza, basi safari yake haijawa tayari, na mzazi ana haki ya kumwambia asubiri wiki nyingine. Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu katika kutoka kwao na kurejea kwao. Amin.