Vipele vya ndevu: kosa si la wembe, ni la haraka

Asubuhi katika vilima vya Ryansoro, mkoani Gitega, huwa na baridi, na maji ya mtungi huwa baridi zaidi. Mwanaume anayewahi sokoni hapaki sabuni ila juu juu, tena ya kufulia. Anashika wembe kwa vidole viwili, anakwangua, anaondoka. Jioni shingo inawasha. Siku ya pili vipele vimetoka, na lawama zote zinauangukia wembe, ambao kwa Kirundi huitwa urwembe.

Ukweli ni kwamba unywele mkavu ni mgumu kuliko unavyodhaniwa. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza katika jarida la Science kuwa chuma cha wembe ni kigumu takriban mara 50 kuliko unywele. Hata hivyo unywele hupinda unapokatwa na kumegua chembe ndogo za makali. Ndivyo wembe unavyokuwa butu. Lakini unywele hunyonya maji, na ukishalowa hulainika na kukatika bila nguvu nyingi.

Basi hatua ya kwanza haihitaji faranga hata moja. Nyoa baada ya kuoga, au bandika usoni kitambaa safi kilicholowa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu. Kisha tengeneza povu zito la sabuni ya kuogea, kwa brashi au kwa vidole. Kazi ya povu ni kuyashika maji kwenye ndevu na kuutelezesha wembe. Sabuni ya kufulia hukausha ngozi. Iache ifue nguo.

Kifaa cha kununua ni mashine ya chuma inayobana wembe mmoja wenye makali pande mbili. Mmarekani King Camp Gillette alipata hataza ya mashine ya aina hiyo mwaka 1904, na umbo lake halijabadilika sana. Ukiitunza hudumu miaka. Kinachobadilishwa ni wembe tu. Tena mashine huacha ukingo mwembamba tu wa makali utokeze, tofauti na wembe mtupu mkononi.

Kwa ndevu za kipilipili, mashine hiyo ya wembe mmoja ina faida nyingine. Mashine za nyembe tatu au nne huuvuta unywele kabla ya kuukata, kisha ncha yake kali hurudi chini ya ngozi, hujikunja na kuchoma kwa ndani. Mwili huiona kama mwiba, na hapo kipele huvimba. Wembe mmoja hukata juu juu, na hilo ndilo linalotakiwa.

Papasa kwanza ujue ndevu zimelalia wapi, maana za shingoni mara nyingi hulala upande. Fuata ulalo huo. Usiivute ngozi wala usikandamize. Uzito wa mashine unatosha. Piga mikato mifupi, suuza wembe kila mara, na usirudie palepale bila povu. Maliza kwa maji baridi. Palipokatika kidogo, gusisha shabu. Vipele vikishatoka, pumzisha wembe mpaka vipone, na vikitunga usaha nenda kituo cha afya.

Jambo moja halina mjadala: wembe hauazimwi, hata kati ya baba na mwana. Damu isiyoonekana kwa macho inaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na kuupangusa wembe haraka kwa spiriti si dhamana. Kwa kinyozi, dai wembe mpya ufunguliwe mbele yako. Uliochakaa utumbukize kwenye kopo lenye mfuniko, usiutupe migombani wanakopita watoto pekupeku.

Na jirani akija kuomba wembe, usimnyime: mpe mpya, ungali ndani ya karatasi yake.