"SANDUKU LA VITA": MAANA YAKE NA MATUMIZI YAKE

Ndugu wafanyakazi wa Busia, Malaba na Tororo,

Mara kwa mara mikutanoni tunasikia watu wakitaja "sanduku la vita". Wako wanaodhani ni maneno ya kutisha tu. Sivyo. Hapo zamani huko Ulaya lilikuwa sanduku kweli, kasha la fedha za kulipia askari na silaha. Siku hizi maana yake ni fedha zilizotengwa kwa pambano linalojulikana: uchaguzi, kesi au mgomo. Sisi tunapenda kuliita mfuko wa mapambano.

Mfuko huu si ada ya chama. Ada hulipia kodi ya ofisi, nauli na karatasi. Wala si harambee, ambayo hupitishwa shida ikiwa imekwisha kuingia mlangoni. Mfuko wa mapambano hujazwa wakati wa amani.

Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 40, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 41, zinatambua haki ya mfanyakazi kugoma. Lakini katiba hainunui unga. Januari 2022 madereva wa malori walisimama Busia na Malaba wakipinga kulipa dola 30 za kipimo cha korona ili waingie Uganda. Foleni ilienda kilomita nyingi, na bei ya mafuta ikapanda Uganda. Tujiulize: dereva aliyelala barabarani siku zile alikula kwa fedha za nani? Mwajiri anaweza kungoja mwezi mzima. Mfanyakazi asiye na akiba hungoja mpaka debe la unga liishe.

Hata hivyo, fedha peke yake hazitoshi. Wachimba makaa wa Uingereza waligoma tangu Machi 1984 hadi Machi 1985, na katikati ya mgomo mahakama iliamuru mali ya chama chao ishikwe. Kwa hiyo taratibu za sheria zifuatwe mapema.

Tunashauri haya: akaunti ya peke yake, sahihi za watu watatu, hesabu zisomwe mbele ya wanachama, shilingi za Kenya na za Uganda ziandikwe mbalimbali, na posho ya kiongozi isiguse mfuko huu hata siku moja.

Ndugu, akiba haiozi. Lakini mfuko usio na hesabu ni mfuko uliotoboka.