Unakariri hatua za kompyuta kwenye chesi? Soma hii kwanza

UKO ndani ya matatu, foleni ya Thika Road haisongi, unatoa simu na kuanza mechi ya chesi. Hatua nane za kwanza unazipiga chapchap kwa sababu umezikariri kutoka kwa programu. Kwenye ya tisa, mpinzani anasogeza askari ambaye hukumtarajia. Unakodoa macho. Hukumbuki hata kwa nini farasi wako yuko pale alipo. Dakika tano baadaye malkia wako ameliwa, mechi imekwisha, na foleni bado iko pale pale.

Usijilaumu sana. Kompyuta zenyewe ziliugua ugonjwa huo kwa miaka mingi.

Ufunguzi wa chesi ni mgumu kuliko unavyodhani. Mwanzoni kila mchezaji ana hatua 20 za kuchagua. Kila mmoja akicheza mara mbili tu, tayari kuna njia 197,281 ambazo mchezo ungeweza kufuata. Isitoshe, kosa la hatua ya sita linaweza kukuumbua kwenye hatua ya 30. Mashine za zamani zilikuwa hodari wa kuhesabu nani atamla nani, lakini mapema hivyo hakuna wa kuliwa.

Ndiyo maana watengenezaji waliziwekea “kitabu”, yaani hazina ya hatua za ufunguzi zilizochaguliwa na wachezaji stadi. Mashine ilisoma tu. Kitabu kikiisha, ndipo ilianza kufikiri.

Chukua Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyopambana na bingwa wa dunia Garry Kasparov jijini New York mnamo Mei 1997. Iliweza kukagua takriban hali milioni 200 za ubao kwa sekunde moja. Hata hivyo, kitabu chake cha hali zipatazo 4,000 kilipangwa kwa mkono, kazi iliyofanywa zaidi na gwiji Mmarekani Joel Benjamin.

Kasparov alilijua hilo. Katika mechi ya tatu alifungua kwa kusogeza askari wa mbele ya malkia hatua moja tu, jambo ambalo magwiji hulifanya kwa nadra, ili aitoe mashine kwenye kitabu chake. Wakatoka sare.

Mechi ya sita, Mei 11, mambo yakamwendea mrama. Kwenye hatua ya saba alicheza kitu cha hatari, na Deep Blue ikamtoa farasi wake kafara. Watu walishangaa mashine imepata wapi ujasiri huo. Kumbe hatua hiyo ilikuwa kitabuni! Kasparov alisalimu amri baada ya hatua 19, na pambano zima likaisha kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5.

Miaka 20 baadaye hadithi ilibadilika. Mwaka wa 2017, kampuni ya DeepMind ilitoa AlphaZero, programu iliyopewa sheria za mchezo pekee, bila kitabu, kisha ikaachwa icheze dhidi ya nafsi yake. Ilijigundulia yenyewe funguzi ambazo binadamu wamezitumia kwa karne nyingi. Nyingine, kama Ulinzi wa Kifaransa, iliupenda kwa muda kisha ikautupa. Stockfish, ambayo unaweza kuipata bure kwenye simu yako, iliongezewa mtandao wa neva mwaka wa 2020.

Kwa hivyo, je, programu za leo zinajua ufunguzi? Zinaujua sana, kuliko binadamu yeyote. Shida ni jinsi wewe unavyozisoma.

Programu ikikuonyesha +0.3, inamaanisha umemzidi mwenzako kwa chini ya theluthi moja ya askari. Faida hiyo ni ya anayeweza kucheza hatua 40 zinazofuata bila kukosea. Wewe na mimi hatuwezi.

Tazama Gambiti ya Mfalme, ambapo mweupe hutoa askari bure kwenye hatua ya pili. Kompyuta huikunjia uso. Lakini mwaka wa 1960, kule Mar del Plata, Argentina, Boris Spassky aliitumia kumchapa Bobby Fischer, na wote wawili walikuja kuwa mabingwa wa dunia. Ukiwa unaielewa na mwenzako haielewi, hiyo alama ya kompyuta haitamsaidia.

Haya basi, ufanyeje? Cheza kwanza kwa akili yako. Mechi ikiisha, fungua programu, tafuta pale ulipotoka njiani, kisha usikimbilie kukariri jibu lake. Cheza ile hatua uliyoipenda wewe uone itakavyokuadhibu. Hapo ndipo utapata sababu, na sababu haisahauliki upesi. Kwa kawaida utakuta umepuuza moja kati ya haya matatu: kushika katikati ya ubao, kutoa farasi na maaskofu mapema, au kumweka mfalme mahali salama.

Na usithubutu kuichungulia mechi ikiendelea. Huo ni wizi, na akaunti yako inaweza kufungwa.

Kesho foleni itakuwepo tena. Mpinzani akikuletea yule askari wa ajabu, usitafute kichwani ulikariri nini. Jiulize anataka nini, halafu ndipo uguse kete.