Pikapu ya Porini na Hesabu ya Chaki

Mlangoni mwa gereji moja mjini Arusha, mlango wa bati ambao rangi yake imekwisha kubabuka kwa jua, pana safu ya tarakimu zilizoandikwa kwa chaki nyeupe, na mgeni asiyejua mambo ya pale huenda akadhani kuwa ni madeni ya wateja yaliyoanikwa hadharani ili wenyewe waone haya wakalipe. Kumbe kinachohesabiwa pale si fedha bali ni kilo. Mwenye gereji, mtu mzima ambaye kichwa chake kimekwisha kuingia mvi na ovaroli yake haijulikani tena ilikuwa ya rangi gani, hakubali kushika spana juu ya pikapu ya mtu yeyote mpaka ipelekwe kwanza kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi aliye jirani yake, ikapimwe ikiwa tupu na tangi limejaa. Na kila kitu ambacho mteja ataka kiongezwe, huandikwa uzito wake mlangoni, mbele ya macho ya mwenye mali.

Nilimkuta asubuhi moja akisemezana na kijana aliyekuwa amenunua Land Cruiser pikapu iliyokwisha kutumika, naye ana karatasi mkononi iliyojaa matamanio.

"Shikamoo mzee. Nataka gari lisiloshindwa na njia yoyote."

"Marahaba mwanangu. Gari la namna hiyo halijaundwa bado. Haya, soma karatasi yako, mimi niandike."

Kabla hatujaisikiliza karatasi hiyo, yafaa tukumbuke kwamba kijana yule hakuwa wa kwanza kushikwa na shauku hii. Landrova ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, bodi yake ikiwa ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Hilux ya Wajapani ikatoka mwaka 1968. Na Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo ndiyo mama wa pikapu nyingi za porini katika Tanzania na Kenya, ikatokea mwaka 1984, na pikapu yake ya namba 79 ikafuata mwaka 1999, yenye mita 3.18 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Injini yake ipendwayo zaidi huku kwetu, yaani 1HZ, ina silinda 6 na ukubwa wa sentimita za ujazo 4,164, haina turbo wala haijui kompyuta, na kwa sababu hiyo fundi wa kijijini mwenye spana chache na moyo wa subira aweza kuifufua chini ya mwembe. Mafundi wa Arusha wamezoeana na gari hili kiasi cha kulikata nyuma ya kiti cha dereva, kuirefusha chesisi yake, na kulijengea bodi ya kuchukulia watalii yenye paa lifungukalo. Kazi hiyo imekuwa chuo chao, kwa maana hapana somo la vyuma lipitalo lile la kukata gari zima na kuliunga tena likaenda salama.

Na somo la kwanza la chuo hicho ni chesisi. Mtu atazamapo pikapu imesimama, huona kitu kimoja kigumu. Lakini itazame ikivuka korongo, gurudumu moja likiwa juu ya jiwe na lingine shimoni, utaona kuwa kibanda cha dereva chaelekea huku na bodi ya mzigo yaelekea kule, na uwazi ulio katikati yao wapanuka juu na kusinyaa chini. Watu wa kiwandani hawakuuacha uwazi ule kwa uvivu. Chesisi ni maboriti mawili yaliyounganishwa kwa vipande vya kukingama mithili ya ngazi, na imekusudiwa ijinyonge kidogo ili isivunjike. Wahenga wetu wa pwani waliijua hikima hii zamani sana, kwani mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi, mbao zake zikapata kulegea kwa kila wimbi na kurudi mahali pake. Fundi mwenye pupa, ambaye huchomelea kibanda na bodi vikawa kitu kimoja pasipo mpira katikati, huona kazi yake ni imara siku ya kukabidhi gari; nyufa humjibu baada ya masika ya kwanza.

Kwa sababu hiyo hiyo mzee wetu ana masharti ambayo hayavunji hata kwa bakshishi. Hatoboi tundu katika ukingo wa juu wala wa chini wa boriti, kwa maana huko ndiko chuma kinakovutwa na kukandamizwa kwa nguvu zaidi; akitaka tundu hutoboa ubavuni, katikati. Akiunga kipande cha kuimarisha, ncha zake huzikata mshazari, hazikati wima, ili nguvu ipite polepole kutoka chuma kinene hadi chembamba. Wala hapendi mzigo mzito ukae nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa kuwa hapo gari lenyewe hugeuka kuwa mtaimbo: uzito hushuka nyuma, pua hunyanyuka, na mgongo wa chesisi ndio ulipao gharama.

Sasa tuirudie karatasi ya kijana. La kwanza aliomba gari linyanyuliwe kwa springi ndefu, ili lipite juu ya mawe. Mzee alichuchumaa, akachora kwa chaki duara mbili sakafuni, akaziunga kwa mstari, na katikati ya mstari akachora donge. "Hili ndilo difu lako," akasema. "Springi ziko juu yake. Ukizirefusha, bodi itapanda, na difu litabaki papa hapa lilipo, lingali likigonga mawe." Kinyanyuacho difu ni tairi, na tairi nalo hutoa nusu ya kile linachoahidi: ukitoka tairi la kimo cha inchi 31 ukaenda la inchi 33, ekseli hupanda inchi 1 tu. Juu ya hayo, gia huwa nzito kana kwamba gari limepandishwa mlima wa kudumu, na saa ya mwendo husema uongo, ikionyesha kilomita 80 ilhali gari laenda karibu 85. Si kwamba springi bora hazina faida. Zina faida kubwa kwa gari lichukualo mzigo daima, lakini faida hiyo ni ya kuuhimili mzigo, na kila inchi ya kimo huongeza wepesi wa gari kupinduka.

Kijana akauliza kama basi hapana dawa ya mchanga. Dawa iko, nayo karibu ni ya bure. Tairi lenye upepo wa 40 barabarani likipunguzwa hadi 18 mchangani, hulala na kurefusha unyayo wake juu ya ardhi, mfano wa ngamia akanyagapo, na gari ambalo lilikuwa likijizika hupita juu kwa taratibu. Sharti lake ni moja, kwamba dereva awe na pampu ya kurudishia upepo kabla hajafika kwenye lami, maana tairi legevu likienda mbio huungua kwa ndani na kupasuka. Wengi hununua vyuma vya mamilioni ilhali hawajapata hata siku moja kuifungua valvu ya tairi kwa kusudi.

Likafuata ombi la mkonga, lile bomba lipandalo ubavuni mwa kioo cha mbele, ambalo limepata umaarufu kiasi kwamba Land Cruiser zenyewe siku hizi huitwa mkonga. Watu hudhani kazi yake ni ya majini tu. Lakini katika nchi ya vumbi hufanya kazi kila siku, kwa kuwa huvuta hewa ya juu iliyo safi kuliko ile ya kimo cha magurudumu. Ama katika maji, ni kweli huilinda injini, kwani maji hayashindiliki kama hewa, na yakiingia ndani ya silinda, fimbo ya pistoni hupinda pale pale. Lakini mkonga ambao viungo vyake havikuzibwa barabara ni pambo tu, tena pambo la hatari, kwa kuwa humtia dereva ujasiri asiostahili. Isitoshe, liko jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Difu lililotoka safari huwa la moto. Litumbukizwapo ghafula katika maji ya baridi, hewa iliyomo ndani hunywea, na difu hufyonza maji kupitia kitundu chake cha kupumulia. Mzee alinionyesha oili aliyoimwaga juzi yake kutoka katika gari lenye mkonga mzuri mno: ilikuwa nyeupe na nzito kama chai ya maziwa. Kinga yake ni mpira mwembamba uliounganishwa na kitundu kile na kupandishwa hadi juu karibu na injini, na bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya mkonga.

Winchi mzee hakuikataa, ila alitaka iwe na uwezo wa kuvuta walau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na shehena yake yote, na mwenyewe ajifunze adabu zake: mkanda mpana wa kuzungushia mti ili gome lisikatwe, na blanketi zito juu ya waya, kwa maana waya wa chuma ukikatika hurudi kama upanga na hauchagui wa kumpiga.

Zikaja keria, hema la kufungwa juu yake, bodi ya chuma ya kufunika nyuma, na mengineyo. Chaki ilikwenda mbio. Bampa ya chuma 70, winchi 40, bodi ya nyuma 120, keria 50, hema 60, tairi la pili la akiba 35, madebe mawili ya dizeli ya lita 20 kila moja, 42, maji lita 60, kilo 60, betri ya pili 20, friji 25, jeki, minyororo na spana 30, watu wawili 150. Mzee akapiga mstari, akajumlisha kwa sauti, akaandika 702. Pikapu ile imeundwa ichukue kiasi cha tani 1. "Hayo ni magunia saba ya mahindi," akasema, "ambayo huwezi kuyasaga wala kuyauza, na utayabeba kila siku, hata ukienda sokoni kununua nyanya."

Niliposikia maneno hayo nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa na aibu ndani yake, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuyabeba magunia hayo. Mwaka mmoja nilifuatana na rafiki yangu kwenda Ziwa Natron kwa njia ya Mto wa Mbu na Engaruka, ndani ya pikapu iliyopambwa kila pambo na gereji ambayo sitaitaja. Katika kupanda ukingo wa korongo moja, keria iliyosheheni ikaliinamisha gari upande, tukasikia mlio kama wa mti mkavu uvunjikao: jani kuu la springi ya nyuma lilikuwa limekatika. Tukapakua kila kitu, hema, friji na viti vya kukunja, tukavipanga mchangani kama watu wanaofungua duka jangwani. Tulipokuwa katika hali hiyo, ikaja pikapu kuukuu isiyo na winchi wala mkonga, imechukua mbuzi na akina mama waendao gulioni. Dereva wake akashuka, akalitazama korongo kwa dakika moja, akapunguza upepo, akawaomba abiria watembee, akapita. Upande wa pili wakapanda tena, wakatupungia mkono. Tuliokolewa na vijana wa Kimaasai waliotusaidia kuifunga springi ile kwa kipande cha mti na kamba, nasi tukarudi kwa mwendo wa maiti kupelekwa kaburini.

Sisemi kwamba gari lililojengwa sana halina mahali pake. Katika Kenya yako mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanzishwa mwaka 1989 kwa ajili ya kuchangisha fedha za uzio wa Aberdare, na humo washindani hawatazamwi kwa mwendo wa kasi. Mshindi ni yule atakayefika vituo vyote 13 katika muda wa saa 10 kwa masafa mafupi kuliko wenzake, na kufanya hivyo humbidi apite magengeni na vichakani kwa mstari ulionyoka. Gari la kazi hiyo lahitaji ngome ya vyuma na winchi, kwa kuwa limejengwa kwa siku moja ya mwaka. Kosa ni kulitwaa umbo la gari la siku moja na kulivika gari la siku zote.

Kijana yule alikuwa na insafu. Alisimama mbele ya mlango kitambo kirefu, kisha akaomba kitambaa, akafuta hema, akafuta bodi ya nyuma, akafuta betri na friji, na baada ya kusitasita akafuta na winchi. Yaliyobaki ni bampa, keria, tairi la akiba, dizeli, maji, jeki na watu. Juu yake mzee akaongeza springi za kuhimili mzigo, pampu ya upepo, na ule mpira mwembamba wa difu. Jumla haikufika kilo 500, na nusu ya uwezo wa gari ikabaki kwa ajili ya kazi ambayo gari liliundiwa.

Nawe msomaji, ikiwa una pikapu na moyo wako wakutuma kuipeleka porini, usianze kwa fundi. Anza kwa mizani. Kisha nenda ukajifunze kupunguza upepo.