Lehemu Katika Damu: Je, Mimea Yatosha?

Mama mmoja alirudi kliniki kwetu akiwa na furaha. Kwa miezi mitatu alikuwa ameacha vidonge vya kupunguza lehemu, kwani muuzaji wa unga wa majani alimwambia kuwa mimea husafisha mishipa. Tulipompima, lehemu ilikuwa imepanda tena.

Ndugu msomaji, usimcheke. Yule muuzaji hakusema uongo mtupu.

Lehemu, au kolesteroli, ni mafuta ambayo ini letu hutengeneza, na mengine huyapata mwili kutoka kwenye nyama, mayai na maziwa. Ikizidi, hujijenga ndani ya mishipa na njia ya damu ikawa nyembamba. Mgonjwa haumwi popote, mpaka siku ya shambulio la moyo au kiharusi.

Mimea nayo ina kitu kinachofanana sana na lehemu, kiitwacho steroli. Viwili hivi hugombea mlango mmoja katika utumbo. Steroli zikiwa nyingi, lehemu hukosa nafasi ya kuingia katika damu, ikatoka na choo. Huko Ufini, mwaka 1995, walianza kuuza majarini iliyotiwa kitu cha jamii hiyo. Mtu akipata gramu 2 kwa siku pamoja na chakula, lehemu mbaya hupungua kwa karibu asilimia 10 baada ya wiki chache.

Shida ni kipimo. Gramu 100 za karanga zina steroli kama gramu 0.2 tu. Ili upate gramu 2 ungekula karibu kilo nzima kila siku, na unene ungekufikia kabla ya faida! Na ule unga wa sokoni, nani amepima kilichomo?

Tena, vidonge vya statini, ambavyo hupunguza lehemu inayotengenezwa na ini, vimethibitishwa kuzuia shambulio la moyo. Steroli bado hazijathibitishwa hivyo. Zinaweza kusaidiana na vidonge, lakini haziwezi kushika nafasi yake. Wajawazito na wanaonyonyesha wasizitumie kama dawa.

Basi kula maharage, mboga na karanga kiasi, na upunguze nyama yenye mafuta. Ukinunua dawa yoyote ya mimea, njoo nayo kliniki tuione kabla hujaacha vidonge. Yule mama ameanza tena vyake, na mwezi ujao tutampima.